Mwalimu wa Sifuri

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kumwambia mtu. Ukienda mahali kumtafuta mdudu, usimwone, kisha ukaandika sifuri, umesema kweli au umedanganya? Nikilalia ubavu wa kulia niliona ni kweli: sikumwona, nimeandika hivyo. Nikigeukia wa kushoto niliona ni uongo, kwa maana sifuri haisemi "sikumwona". Sifuri inasema "hayuko". Niliamua, nikatengua, nikaamua tena, mpaka nikasikia jirani akiwasha stovu ya chai ya asubuhi.

Aliyenifundisha kuandika sifuri hiyo alikuwa mwalimu wangu chuoni, na baadaye mkubwa wangu kazini. Simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asingoje mahali nitakapogeuka na kumsifu. Mema anayo, nitayaweka panapostahili, lakini hayajanibadilisha. Alikuwa profesa, ila hakutaka aitwe hivyo. "Profesa ni cheo," alituambia siku ya kwanza. "Mwalimu ni adhabu. Na adhabu yenu ni mimi." Basi tukamwita Mwalimu, na kwa muda wote niliomjua alijitahidi asituvunje moyo katika hilo.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za mahali viumbe wanapoishi, hata pale ambapo hakuna mtu aliyekwenda kutazama. Alisema kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mpelelezi. Unakusanya mahali pote kiumbe alipowahi kuonekana, unauliza pana joto gani, mvua kiasi gani, mwinuko gani, nyumba za namna gani, kisha unaiachia kompyuta itafute pengine panapofanana na hapo. Njia ya pili ni ya daktari. Unamchukua kiumbe mwenyewe, unapima anavumilia baridi kiasi gani na yai lake linakaa kavu muda gani kabla ya kufa, ndipo unapouliza ni wapi mwili kama huo unaweza kuishi. Mpelelezi anajua kiumbe alipo bila kujua kwa nini. Daktari anajua kwa nini, lakini huenda hajawahi kumkuta huko hata siku moja.

Yeye alikuwa mpelelezi. Njia ya daktari aliiita ya watu wenye maabara na wasio na haraka.

Sitasema hakujua kufundisha. Alijua mno, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Siku moja aliingia darasani akasema, "Leo kiumbe ni mimi. Mmeniona wapi?" Tukataja: hapa darasani, kantini, langoni, maktaba. Akaandika yote ubaoni. "Kwa hiyo mimi ni mnyama wa penye lami na chai. Ramani yenu itaniweka kila penye lami na chai mpaka Mombasa. Na kwangu Kawangware, ninapolala kila siku, haitaniweka. Kwa nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuja kwangu. Ramani haionyeshi mnyama anapoishi. Inaonyesha mtazamaji alipopita." Akafuta ubao. "Na mtu asije."

Nilitoka darasani nikiwa nimepagawa. Niliwaza somo lile wiki nzima, nikijiuliza ni mambo mangapi ya dunia nayaona hayapo kwa kuwa tu sijapita. Sikujua kwamba aliyeniambia maneno hayo ndiye angekuja kuniamuru nisahau.

Alikuwa na desturi ya yai. Mwanafunzi akisimama kueleza kazi yake, Mwalimu alitoa yai la kuchemsha mfukoni mwa koti na kuanza kulimenya, taratibu, ganda likianguka kwenye leso. Akilimaliza kabla hujamaliza, unakaa. Hakupandisha sauti. Aliweka tu yai mdomoni, nawe unajua. Mimi nilikaa chini mara nyingi kuliko wenzangu, kwa sababu ya ugonjwa wangu wa kutosema jambo bila kulizunguka.

"Labda joto ndilo linalowazuia," nilisema siku moja, "ingawa labda ni mwinuko, au labda vyote viwili vinakwenda pamoja, kwa hiyo—"

"Wewe unaitwa nani?"

Nikamtajia jina.

"Hapana. Wewe ni Labda. Keti, Labda."

Darasa likacheka, na jina likanata. Hata mpishi wa kantini alinisalimu, "Labda, niaje," nami nikaitika, kwa kuwa kubisha kungehitaji sentensi iliyonyooka. Nilichotaka kumwambia Mwalimu, na nilikifikiria miezi tele baadaye, ni kwamba ramani zake zenyewe zilikuwa labda tupu. Kila rangi iliyomo ni uwezekano: hapa labda sana, pale labda kidogo. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliipaka labda rangi nyekundu, akaiwekea mpaka, watu wakaiamini. Nilipojikaza nikamgusia hilo, alinijibu bila kuinua kichwa. "Kaunti haipulizi dawa kwenye labda. Inapuliza mahali. Mtu akikuomba ramani anaomba umwondolee labda. Kama huwezi, kalime."

Nakiri jibu hilo lina uzito, na bado nalichukia.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi. Siku yake ya kueleza ilipofika tulitazamana, tukiona mauti ya mtu hadharani. Mwalimu alitoa yai kama kawaida. Mwenzetu akaanza, akakwama, akaanza upya, akakwama pale pale. Yai lilikaa mkononi mwa Mwalimu bila ufa hata mmoja mpaka neno la mwisho likatoka, na kipindi cha mwalimu mwingine kilikuwa kimeshaliwa nusu. "Vizuri," akasema, akalirudisha mfukoni. Hakuzungumzia jambo hilo tena. Nimejaribu kulitumia kumsamehe, halikutosha.

Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vinang'aa, na havikuwahi kugusa matope ya utafiti. Tulipokwenda nje kujifunza kukusanya wadudu, gari liliegeshwa Ayany, kwenye nyumba za mawe zinazopakana na Kibera. Yeye alibaki ndani, kioo kimepandishwa, sisi tukateremka na chupa zetu. Mwenzangu mmoja alimgongea kioo. "Mwalimu, hushuki?"

"Wadudu wangu wako kwenye kompyuta. Hao wa huko ni wenu."

Na yeye si mtu wa kuogopa mitaa. Alizaliwa na kuzeekea Kawangware, upande unaoelekea Riruta Satellite, kwenye shamba la baba yake lililogeuka kuwa ploti ya vyumba vya mabati. Alikuwa mwenye ploti kabla hajawa mwalimu, na nadhani kazi ile ndiyo aliyoipenda.

Baada ya kuhitimu nilipata kazi kwenye mradi wake, nikatumwa siku moja kumpelekea karatasi za kutia sahihi. Ndipo nilipovunja amri ya "mtu asije". Nilimkuta uani, kufuli la bomba la ploti limevunjwa, naye anatafuta aliyelivunja. Alisimama mbele ya mlango mmoja. Mwanamke akachungulia.

"Baba Shiro yuko?"

"Hayuko, mzee."

"Hayuko ameenda wapi?"

"Kazi. Ametoka mapema."

Mwalimu akatazama chini, kwenye kizingiti. "Ametoka miguu mitupu?"

Mwanamke akatazama viatu vya mumewe. Mpangaji wa mlango wa pili aliyekuwa akifua akasema bila kuinua kichwa, "Mama Shiro, ungeficha viatu kwanza," na ua mzima ukaangua kicheko. Pazia likasogea, Baba Shiro akatokea akijikuna shingo. "Niko, mzee. Nilikuwa nimelala tu."

Mwalimu akanigeukia. Macho yake yalikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona darasani. "Labda, andika hiyo. Anayejua kwa nini anatafutwa, huwa hayuko."

Sikuiandika, ila niliishika.

Mradi wenyewe ulihusu mbu. Si yule wa usiku, bali yule mwenye miguu ya mistari myeupe anayeuma mchana, anayetaga kwenye maji safi yaliyowekwa majumbani: mapipa, matangi, mitungi. Huambukiza homa inayovunja viungo. Kaunti ilitaka ramani, na palipo pekundu pangepelekwa vifuniko vya mapipa na dawa ya kuua viluwiluwi. Palipo peupe pangengoja, na kungoja kwa serikali kila mtu anakujua.

Mimi nimezaliwa Raila, kijiji kimojawapo cha Kibera, na mama bado anaishi huko. Nilitaka kwenda kwenye timu ya Raila. Mwalimu akakataa. "Mtu hapimi kwao. Ataona anachotaka." Nikabaki ofisini, nikipokea namba za wenzangu na kuilisha kompyuta.

Namba za Ayany zilikuja na mbu wa kutosha. Namba za Raila, ng'ambo tu ya hapo, mvua ile ile, joto lile lile, zilikuja sifuri, sifuri, sifuri. Nilifurahi kwanza. Kisha nikaanza kuwaza, na nikianza siachi.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anaosha vyombo mlangoni, akijipiga kifundo cha mguu kila baada ya sahani. Alikuwa ametoka kuugua wiki mbili, na alishika sufuria kwa viganja kama mtu asiye na vidole.

"Mama, watu wa chuo walipita hapa?"

"Walikuja. Vijana wazuri, wamevaa vitambulisho shingoni. Wakauliza kama kuna suna hapa." Suna ni mbu kwa Kijaluo, na kwa mama mbu hajawahi kuwa na jina lingine.

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia hakuna."

"Na hao wanaokuuma?"

Akanitazama kama mtu anayejiuliza ada ya shule aliyonilipia ilikwenda wapi. "Nyathina, mwanangu, bwana afya alipokuja ile siku, aliuliza vizuri hivyo hivyo. Akafungua pipa, akaona wadudu, akalipindua. Maji ya wiki nzima, yakaenda na mtaro. Jirani yangu Mama Atis alilia hapo hapo. Sasa vijana wa kitambulisho wanauliza kuna suna. Ungesema nini?"

"Wote mlisema hakuna?"

"Tuliambiana kabla wafike. Wakitaka kufungua pipa, unakalia kifuniko."

Nilirudi ofisini nikazitazama sifuri upya. Wenzangu hawakudanganya. Waliuliza, wakajibiwa hakuna, wakaona mwanamke ameketi juu ya pipa, wakaandika sifuri. Lakini kompyuta haijui habari ya kukalia kifuniko. Ilichukua sifuri zile kama zilivyo, ikatafuta Raila ina nini ambacho Ayany haina, ikakipata: mabati yaliyobanana. Ikajifunza kwamba mbu huyu anachukia mabati. Na kwa kuwa imejifunza hivyo, ilipaka weupe kila penye mabati yaliyobanana, Kibera nzima, ikavuka mpaka Kawangware. Uongo wa mama zetu wa kulinda maji ulikuwa umegeuzwa kanuni ya maumbile.

Nilimpelekea Mwalimu ramani, nikamweleza yote, safari hii bila labda hata moja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama yako ni sampuli?"

"Hapana, Mwalimu, lakini—"

"Ni sampuli ya mtu mmoja, tena inakupikia."

"Hawakufungua mapipa. Ile sifuri si sifuri. Ni mlango uliofungwa."

"Kanuni ya mradi inasema: nyumba iliyofikiwa, mdudu hakuonekana, sifuri. Niliiandika mimi. Unataka kila sifuri inayokukera tuifute? Basi tufute na za Ayany, huenda wale nao wana mama."

"Mwalimu, kwako pale, Mama Shiro alisema hayuko, ukatazama viatu."

Aliiweka ramani mezani. Nilidhani nimempata. Kisha akasema polepole, "Pale nilikuwa namtafuta mtu. Hapa natafuta namba. Toka."

Nilitoka. Sijui kama mtu anaweza kumchukia mwingine kwa sentensi moja, lakini kama yawezekana, ni ile. Alijua. Hakuwa mjinga aliyekosa kuona. Alikuwa mtu mwenye macho makali kuliko yetu sote, ambaye aliyafungua kwa ajili ya kufuli lake na kuyafumba kwa ajili yetu.

Muda si mrefu akastaafu. Tulimfanyia sherehe, akala keki kidogo, akatuambia hatutamkumbuka kwa wema naye hajali. Ramani ikabaki mezani kwangu. Mkubwa mpya, mtu mpole asiyependa makelele, aliniambia kaunti inaisubiri, nami ndiye nitakayeituma. "Ila jina la mzee ndilo la kwanza," akasema. "Ukibadilisha kitu, mwone."

Niliandaa ramani nyingine. Sikuipaka Raila nyekundu, maana hilo nalo lingekuwa uongo. Nilizitoa sifuri za nyumba ambazo pipa halikufunguliwa, nikaweka rangi ya tatu, kijivu, na maelezo pembeni: hatujatazama. Weupe wa Kawangware ukayeyuka wenyewe ukawa kijivu. Nikaandika na barua pepe ya kuisindikiza. Kisha sikuituma. Niliisoma nikaona ina kiburi. Nikailainisha, nikaona ina woga. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na neno moja la Mwalimu lingetosha nisipate mwingine, maana wote walioketi kwenye viti vya kutoa kazi hizi walipita mkononi mwake. Kwa upande wa pili alikuwa mama, na viganja vyake, na kijiji kizima kitakachoambiwa kwamba kwa mujibu wa sayansi hakiumwi.

Hatimaye nilikwenda Kawangware kumwona. Nilimkuta langoni mwa ploti, kwenye kiti cha plastiki, amevaa ndara. Alikuwa amekonda, na shati la zamani lilimning'inia kama la mtu mwingine. Hakuniambia niketi. Wala hapakuwa na kiti cha pili.

"Labda. Umeniletea keki?"

"Nimeleta ramani."

Aliichukua simu yangu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda. "Hii rangi ya majivu ni nini?"

"Hatujatazama."

"Hatujatazama ni labda iliyovaa suti."

"Ni ukweli, Mwalimu."

"Watakuuliza mlikuwa mkifanya nini muda wote huo, na magari yote hayo. Utawajibu nini?"

"Kwamba tuliwauliza watu kitu ambacho wakikijibu wanamwagiwa maji."

"Na wakiuliza ni nani aliyesema ihesabiwe sifuri?"

Nilimtazama yeye. Alinirudishia simu.

"Jina langu liko juu," akasema. "Nimechora ramani maisha yangu yote. Hii ndiyo ya mwisho, na wewe unataka niage nikiwa nimeandika sijui."

"Unaweza kuliondoa jina."

"Usinifundishe." Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, imekonda tu. "Nikipiga simu mbili, hakuna mahali mjini hapa utafanya kazi hii. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Mpangaji mmoja alipita na mtungi begani, akamsalimu, "Mzee, sasa." Hakumwitikia. Alikuwa ananitazama usoni, na taratibu uso wake ukalegea, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Haya. Sitakukataza," akasema. "Nenda nyumbani ukafikirie. Fikiria vizuri, pande zote, halafu uje Ijumaa unieleze. Wewe ni hodari wa kufikiri."

Aliisema kwa upole kabisa, na ulikuwa upole wa kwanza alionionyesha. Nilishageuka kuondoka. Nilikuwa hata nimeshaanza, kichwani, kupanga hoja za Ijumaa, za kwake upande huu na zangu upande ule, nilipotambua alichokifanya. Hakuhitaji simu mbili. Mtu kama mimi ukitaka asifanye jambo, mwombe alifikirie.

Nikasimama pale pale langoni. Nikafungua barua pepe, na sikuisoma. Niliongeza mstari mmoja tu chini: tunaomba kurudi Raila na vifuniko mkononi, na hakuna pipa litakalomwagwa.

"Bado uko hapo?" akauliza nyuma yangu. "Unafanya nini?"

"Nimetuma," nikamwambia.